Kadi ya Alhamisi

Alhamisi, tarehe 14 Machi. Kulipambazuka na manyunyu mepesi yaliyogonga bati hadi saa tatu.

Mume wangu, fundi wa kuchomea vyuma, aliniuliza, "Mke wangu, mshauri bado hajarudi safari?"

"Bado," nilimjibu, pini zikiwa mdomoni na gauni la mteja mapajani.

Hiyo ilikuwa Alhamisi ya tatu ninamdanganya. Mshauri hakusafiri popote. Kadi ya miadi nilikuwa nimeificha ndani ya kitabu changu cha sala. Mungu anisamehe.

Tangu mtungi wa gesi ulipolipuka karakanani na kumuua mwenzake, mume wangu alikuwa hapati usingizi. Daktari alimpa vidonge, nami nilivipenda. Kila jioni nilimwekea kimoja kiganjani, nikamwombea, akalala. Nami nikachukua daftari nikaenda darasa la jioni. Kidonge hakiulizi siri za nyumba ya mtu.

Baadaye daktari akasema vidonge aendelee navyo, ila azungumze pia na mshauri. Mwanamke! Wa rika langu, ana sauti laini. Mume wangu akawa anarudi kutoka kwake akipiga mluzi. Roho iliniuma. Miaka kumi na saba mimi napewa "ndiyo" na "hapana", yule anapewa saa nzima. Nilisali wivu uniondoke, lakini nilisali huku kadi nimeikalia.

Adhuhuri wifi yangu aliingia amemshika kaka yake mkono. Alikuwa amemkuta kwenye geti la karakana anatetemeka, ameshindwa kuingia.

"Vidonge anakunywa?" wifi aliuliza.

"Kila siku."

"Na kwa mshauri?"

Nilifungua kitabu, nikampa kadi. Nikaeleza yote, macho chini.

"Wifi! Unamwonea wivu mtu aliye kazini? Basi na fundi viatu afungwe, maana kashika miguu ya wake za watu mji mzima!"

Mume wangu hakucheka. Alisema tu, "Twende wote."

Chumba cha mshauri kilikuwa na viti vinne na jagi la maji. Hata salamu sikuimaliza vizuri. "Dada, anakuambia nini ambacho mimi siwezi kuambiwa?"

Mshauri alimgeukia mume wangu. "Utamjibu mwenyewe?"

Mume wangu alinigeukia. "Hapa nafanya mazoezi, ili nyumbani niweze. Kila nikirudi naanza kukueleza habari za marehemu, wewe unakanyaga cherehani. Nikiendelea unaniletea kidonge. 'Kunywa upumzike, darasa linaanza.'"

"Na ule mluzi?"

"Wa kujipa moyo kabla sijafungua mlango."

Nilikumbuka. Kweli alikuwa akisimama karibu na meza yangu, midomo ikicheza, nami nikadhani anahesabu mishono. Nililia bila aibu. Wifi alinipa leso yake, safari hii bila utani.

Nikasimama.

"Wifi, sikia. Na wewe dada mshauri, sikia. Mume wangu, kidonge nitakuletea kama daktari alivyoagiza, ila baada ya wewe kumaliza kusema. Cherehani itasimama. Nikichelewa darasani, nitachelewa. Na kadi hii kuanzia leo itakaa mfukoni mwako. Naahidi mbele yenu, na mbele za Mungu."