Wimbo wa Malazi Chumbani kwa Eulalia

Ukuta wa chumba cha Eulalia ulikuwa ukiota ukungu mweusi tangu mvua zilipoanza, na kila alipolalamika, mwenye nyumba, Bi Hortensia, alimtuma mtu na ndoo ya chokaa. Chokaa ilikauka, ukungu ukarudi, na Nieves, binti mdogo wa Eulalia, akaendelea kukohoa hadi mbavu zikamuuma.

“Ni hizo tamale zako,” Bi Hortensia alimwambia. “Unachemsha vifurushi vya unga wa mahindi kutwa, mvuke uende wapi? Fungua dirisha.”

“Chumba hakina dirisha, Bi.”

“Basi kama hukipendi, wanaokitaka wapo.”

Bomba la maji la nyumba nzima lilipita ndani ya ukuta ule, nalo lilivuja. Eulalia alijua kwamba kisheria matengenezo hayo ni ya mwenye nyumba. Ila yeye alikuwa mtu wa sauti ndogo, na sauti ndogo Bi Hortensia hakuzisikia.

Ikafika Desemba. Kwa jioni tisa mfululizo kabla ya Krismasi, wapangaji wa pale Puebla, Meksiko, huzunguka uani na mishumaa, wamebeba sanamu za udongo za Yosefu na Maria, wakiimba mlangoni kuomba malazi. Walio ndani huwajibu kwa wimbo kwamba hakuna nafasi, waende zao. Wimbo ukiisha ndipo mlango hufunguliwa. Kazi ya kukataa ilikuwa ya Bi Hortensia, na aliipenda sana.

“Mwaka huu tuanzie kwangu,” Eulalia alisema.

Jirani yake Chabela akamkodolea macho. “Kwako? Shoga, kwako hata panya wanakohoa!”

“Ndiyo maana.”

Mchana alimpeleka Nieves kwa Chabela, akasogeza kitanda, akachukua kisu cha jikoni na kukwangua chokaa yote.

Jioni Bi Hortensia akaja amejitanda shali yake ya sherehe, mshumaa mkononi. Aliingia, Eulalia akaurudisha mlango. Nje wapangaji, Padri akiwa mbele yao, wakaanza kuomba, na Bi Hortensia akawakatalia kwa sauti tamu. Kisha akageuka, akauona ukuta, mweusi kutoka sakafuni hadi darini. Ubeti wa pili ulimkatikia njiani. Akakohoa.

“Fungua mlango.”

“Wimbo haujaisha, Bi.”

“Nakosa pumzi, we Eulalia!”

“Mwanangu analala humu. Mlango hauna kufuli, fungua mwenyewe. Lakini Padri yuko nje, na mishumaa ni mingi, ukuta utaonekana.”

Bi Hortensia aliutazama mlango, akautazama ukuta. Nje waliimba, wakangoja, hawakujibiwa.

“Mwenye nyumba kasinzia nini?” mtu akauliza, watu wakaangua kicheko.

Kikohozi kikambana tena Bi Hortensia. Akaufungua mlango.

Waliingia wote na mishumaa yao, na kicheko kikafa. Padri akaziba pua kwa leso.

“Mama yangu!” Chabela akasema. “Hata ng'ombe wa Bethlehemu alilala pakavu!”

“Kesho utoe vitu vyako!” Bi Hortensia akamfokea Eulalia.

“Sitoki.” Sauti ilitoka kubwa, mwenyewe akashtuka, ila hakuishusha. “Ukuta wako, bomba lako, na sheria inakudai wewe. Kesho tutaimba hapa hapa. Na keshokutwa, mpaka Krismasi. Na wewe utatujibu ukiwa humu ndani, kama desturi.”

“Tutakuwekea kiti, Bi,” Chabela akadakia, “pale penye weusi zaidi.”

Bi Hortensia alimgeukia Padri, lakini Padri alikuwa akiutazama ukuta. Mwenye nyumba akatoka, shali ikiburuzika nyuma yake.

Asubuhi, Eulalia akiwa bado anakanda unga wa tamale, fundi akabisha hodi. Mkononi alikuwa na ndoo ya chokaa.

Eulalia akafuta mikono, akaipokea ndoo, akaenda kuimwaga yote mtaroni mbele ya ua mzima. Akamrudishia tupu.

“Rudi ukachukue nyundo,” alisema. “Na bomba jipya. Jioni tunaimba.”