Mche Mmoja Mgonjwa

Dokta Otilia Valenzuela alipiga magoti ndani ya banda la kioo, akitafuta ugonjwa kama mtu atafutaye pete iliyomponyoka mchangani. Walikuwa wameipulizia miche ya ngano vimelea vya ugonjwa wa kutu kwa mikono yao wenyewe, na bado ilisimama kijani, haina doa.

"Hongera, Dokta!" alisema mzee Cuco, mwangalizi wa banda. "Hata mmoja hajaugua. Leo bia juu yako."

"Nyamaza, mzee. Nitafutie mgonjwa."

"Hee! Mganga gani huyu anayeomba wagonjwa?"

Otilia hakucheka. Zamani aligundua katika ngano ya bonde lao jeni inayozuia kutu, akaiita Yaqui, kwa jina la mto. Waargentina nao walikuwa na yao, Paraná, iliyotangulia kupewa jina. Wazalishaji wa mbegu wakaziweka zote mbili katika mbegu moja: walinzi wawili mlangoni, mmoja akishindwa, mwenzake yupo. Bonde zima likaipanda, na wa kwanza alikuwa kaka yake, Fermín, kwa kuliamini neno lake.

Kisha kamati ya kusanifisha majina ya jeni za ngano ikaagiza kila jina lithibitishwe: jeni moja, jina moja, lile lililotangulia. Jaribio lilikuwa rahisi. Ozesha ngano yenye Yaqui na ngano yenye Paraná, panda wajukuu wao, kama miche hii, wapulizie kutu. Jeni zikiwa mbili kweli, wajukuu wachache watazikosa zote na kuugua. Asipougua hata mmoja, basi ni jeni ile ile, imebatizwa mara mbili.

Na juzi habari zilifika kutoka kaskazini: imezuka kutu mpya, nayo imemshinda Paraná.

"Dokta! Huyu hapa!"

Cuco aliinua chungu. Majani yalikuwa yametapakaa unga wa rangi ya chungwa. Otilia alikipokea kwa mikono miwili, machozi yakimlenga, akageuza kibandiko. Ilikuwa ngano ya kizamani isiyo na kinga yoyote, iliyowekwa pale kuonyesha tu kwamba kutu waliyopuliza ilikuwa hai.

Ilikuwa hai.

Yaqui, jina alilolipenda kuliko lake mwenyewe, lilikuwa limekufa, na hilo lilikuwa dogo. Akampigia Fermín.

"Dada! Niko shambani, ngano imenifika kiunoni. Jumapili njoo, tunachoma nyama."

"Agiza dawa, Fermín. Leo hii. Waambie na majirani."

"Dawa ya nini? Si ulisema walinzi wawili?"

"Ni mmoja."

"Ulisema wawili, Otilia."

"Tulimpa majina mawili, kaka. Ni mmoja, na ameshashindwa."

Alisikia upepo ukipita katika masuke, na pumzi za kaka yake.

"Otilia," alisema Fermín, taratibu. "Suruali yangu imekuwa rangi ya chungwa hadi mapajani. Nilidhani ni vumbi la barabara."