Mfarishi wa Bibi Avis

Mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua, na mama yangu alishasema ndio utakaoniua. Basi asubuhi ile nilipomwona Mzee Diggory, mpiga kengele wetu, akivua kofia na kupiga ishara ya msalaba mbele ya mfarishi wetu wa kujifunika usiku niliouanika kwenye ua wa miiba, ningenyamazaje? Ishara ya msalaba, jamani! Hapa Askerley, enzi hizi za Mfalme James, mambo ya Papa yamepigwa marufuku, nyuma ya nyumba ya kasisi! Watu wameitwa kwa askofu kwa makosa madogo kuliko hayo.

"Mzee wangu, leo unausalimia mfarishi?"

"Sikuusalimia."

"Nimekuona kwa macho yangu mawili."

"Basi yafumbe, mke wa kasisi," akasema, akaondoka zake kichwa wazi, kofia ameisahau mkononi.

Mfarishi huo mume wangu Ambrose aliachiwa na bibi yake, Avis Kettleby. Ni wa mahameli ya buluu yenye maua ya nyuzi za dhahabu, umeungwaungwa vipande, na pembeni kuna miguu miwili iliyotariziwa, imekatwa kwenye vifundo. Mwenye miguu hayupo. Kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa nimelala nikijiuliza mtu huyo kaenda wapi na kiwiliwili chake.

Ambrose ni kasisi mzuri, wagonjwa anawatembelea hata kwenye matope ya Februari. Ila ana wazimu mmoja: ukoo. Baba yake alikuwa mtengeneza ngozi, na aliyemzaa huyo mtengeneza ngozi hajulikani. Bibi Avis alikufa na siri yake. "Maskini gani ana mahameli, Thomasine?" huniuliza. Basi kwa hekima hiyo babu akawa shujaa wa vita mwenye farasi, na juu ya mlango wetu ikachorwa ngao, alama ya ukoo wa kiungwana, yenye kunguru watatu. Kunguru! Wale watoto wa jirani wanasema ni kuku.

Sasa mkaguzi wa ngao, mtu wa mfalme, alikuwa anakuja mjini siku ya Alhamisi. Kila aliyetundika ngao alitakiwa apeleke ushahidi wa ukoo wake, na atakayeshindwa jina lake litasomwa sokoni na mpiga mbiu, watu wote wajue kwamba si muungwana. Ambrose alikuwa hali wala halali.

"Nitaupeleka mfarishi," akasema. "Hii ni miguu ya shujaa."

"Shujaa gani anakwenda vitani peku, Ambrose?"

Alininunia mpaka chakula cha mchana. Nami nikachukua jagi la bia na kipande kizuri cha mkate wa nyama ya nguruwe, nikaenda kwa Mzee Diggory. Alikula kwanza, bila haraka, mimi nikiwashwa kote. Kisha akajifuta ndevu.

"Nilikuwa na miaka saba," akaanza. "Padri wetu alikuwa Piers Wadlow. Enzi za yule mfalme aliyetawazwa akiwa mtoto mapadri waliruhusiwa kuoa, naye akaoa. Akamwoa Avis."

"Avis yupi?"

"Huyo huyo. Acha kunikatiza. Mfalme mdogo akafa, akaja malkia aliyerudisha mambo ya Papa. Mapadri wakaambiwa, mke au kanisa. Piers akasimamishwa mbele yetu amevikwa shuka jeupe la toba, mshumaa mkononi, akasema huyu si mke wangu, wala hakuwahi kuwa. Avis yupo hapo hapo, mtoto anamnyonya."

"Mungu wangu! Akafanyaje?"

"Siku ile hakufanya kitu. Jumapili ya Pasaka Piers akatoka na joho lake la buluu, lile zuri la sikukuu lenye watakatifu waliotariziwa. Avis akamsubiri mlangoni. Akamwambia, 'Piers, umechagua joho. Mwanao nitamfunika nini mimi? Lilete.' Kanisa zima linatazama. Akalivua, akampa. Askofu akaambiwa limeibiwa."

Nikakaa chini. Yule mtu asiye na kiwiliwili kumbe alikuwa mtakatifu, na Bibi alimpitishia mkasi.

"Alipokuja malkia mwingine na ndoa zikaruhusiwa tena," Mzee akaendelea, "Piers alikwenda kumbishia hodi. Hakufunguliwa. Kwa miaka ishirini yule mama alikaa benchi la mbele, chini ya mimbari, na Piers akawa anahubiri akitazama dari. Alipokufa ndipo Avis akahama, akamfuata mwanawe mjini."

"Na sisi tuna miaka tisa hapa! Mbona hukumwambia mume wangu?"

"Hakuniuliza. Aliniuliza makaburi ya mashujaa."

Nilirudi nyumbani mbio, sketi mkononi kama msichana. Ambrose alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akalitoa daftari la zamani kwenye kasha la kanisa. Tukafunua kurasa mpaka macho yakauma. Tukaikuta: *Piers Wadlow, padri wa hapa, na Avis Kettleby, wameoana.* Ilikuwa imepigwa mstari kwa nguvu hata karatasi ikachanika. Ambrose akaingiza kidole kwenye ule mchaniko.

"Alisimama pale pale ninaposimama mimi," akasema.

Kisha akalifunga daftari. Niliogopa, sifichi. Mtu aliyekwisha ona kunguru juu ya mlango wake si rahisi kuwashusha, na ukurasa mmoja huchukua muda gani kuungua?

Alhamisi tulikwenda mjini, yeye na daftari, mimi na mfarishi. Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba mwenye mafua. Aliitazama ile miguu, akaligusa daftari, akacheka, wala si kwa ubaya.

"Kasisi, hili ni joho."

"Najua."

"Na ndoa yenyewe imefutwa. Kwa hiyo baba yako..." Akapiga chafya, akatuhurumia. "Sikiliza, nimekupenda. Kuna akina Kettleby kule kaskazini, waungwana hasa. Mmoja wao alifia vitani, hakuacha mtu. Nitaandika kwamba alimwoa bibi yako. Wewe tia saini tu. Daftari lirudi kwenye kasha, ngao yako ibaki mlangoni."

Akachovya kalamu, akampa. Ambrose akaipokea. Miaka yote ile ya kuhangaika, na kitu chenyewe kilikuwa pale, umbali wa saini moja. Niliuma ulimi. Mara moja tu maishani mwangu sikusema kitu.

"Nikitia saini," Ambrose akauliza, "Bibi atakuwa mke wa nani?"

"Wa yule wa kaskazini."

"Na Piers?"

"Piers hakuwahi kuwa na mke."

"Ndivyo alivyosema na yeye," Ambrose akajibu, akairudisha kalamu mezani.

Saa sita mpiga mbiu alipanda ngazi za msalaba wa mawe uliopo sokoni, akagonga kengele yake, akasoma majina. Letu lilikuwa la nne. "Ambrose Kettleby, kasisi wa Askerley, si muungwana!" Wachinjaji wakapiga miluzi. Mwanamke mmoja muuza samaki akapiga kelele, "Basi kasisi, ushuke uje uparue magamba na sisi!" Mimi nilikuwa nimejitanda mfarishi kwa baridi, uso unanichoma kwa aibu, natafuta pa kupita.

Ambrose akanishika mkono. Watu wote wanatutazama, naye akatoa ile sauti yake ya mimbarini inayofika mpaka mlangoni.

"Ni kweli, mimi si muungwana," akasema. "Na huyu hapa ni mke wangu."