Kanisa Dogo la Thornmere

Tauni ilipoisha, ndani ya jumba la mabwana wa Thornmere alibaki Jocosa peke yake, yaya wa Amabel, mtoto wa mwisho wa ukoo ule. Babu yake Amabel alikuwa amelizungushia jumba handaki la maji, maadui wasiingie. Tauni ikapita juu ya daraja kama mgeni aliyealikwa. Wachimba makaburi walikuwa wamekufa, kwa hiyo Jocosa alimzika mtoto kwa mikono yake, katika kanisa dogo la uani.

Miaka ikaenda. Jocosa akaishi jikoni, akiongea na sufuria ili asisahau sauti yake.

Mrithi, ndugu wa mbali, hakutaka kulala karibu na maji yaliyooza. Alijenga nyumba mpya kilimani, akamtuma Hob mwashi abomoe jumba la zamani, apate mawe.

"Bado upo tu, bibi?" Hob alimkuta akimenya vitunguu. "Kijijini wanasema humu mna pepo."

"Pepo mwenyewe ndiye mimi. Kaa ule."

Hob akala mpaka akaramba bakuli. "Bwana anasema uhamie kule juu. Kuna moto, kuna watu wa kupiga nao soga."

"Na Amabel nimwachie nani?"

Hob akainamia bakuli tupu. "Wangu tauni ilipowaua walitupwa shimo la wote," alisema. "Sijui hata nikasimame wapi."

Kiangazi kizima nyundo zililia. Ukumbi ukaenda, ghorofa zikaenda, jiko nalo. Kanisa Hob hakuligusa.

"Na mawe ya kanisa?" bwana alifoka.

"Mabovu yale, bwana. Yatakuangushia ukuta usingizini."

Mwishowe wakang'oa hata daraja. Hob alimhamishia Jocosa kitanda kanisani, akamwekea ubao wa kuvukia. Jumapili alimletea mkate na jibini, wakakaa kaburini kwa Amabel. Kisha magoti yakamsumbua, akaja mara chache. Kisha hakuja tena.

Jocosa alingoja Jumapili nyingi, akitazama ubao. Majira ya baridi yalipokwisha, wachungaji wa kondoo walimkuta amelala chini, ubavuni mwa kaburi, shuka lake ametandika upande wa mtoto. Walimzika palepale. Walipoondoka mmoja aliuvuta ubao ule, akaenda nao nyumbani, na tangu hapo hapakuwa na njia ya kuvuka.