Gari ni la Farasi

Mwali aliogopa hata mti uliolazwa chini. Akiuona tu anakoroma, anarudi kinyumenyume, macho yamemtoka kama amekutana na nyoka. Alikuwa farasi jike mchanga, hajawahi kuruka chochote.

"Mzee," Meneja akaniambia, "mwenye mali anakuja kumwona. Nataka aruke. Nitampanda mwenyewe."

"Ataruka, bosi."

Nilijibu kwa adabu, maana kichwani nilikuwa nimeshaanza kupanga.

Huyo Meneja ndiye aliyeniulia mke wangu. Wengine wanasema ni ugonjwa. Waache waseme. Mke wangu alikuwa akiosha ndoo za farasi papa hapa, akaanguka mlangoni mwa ghala, ameshika tumbo. Nikakimbilia ofisini kuomba gari. Meneja hakunyanyua hata uso.

"Gari ni la farasi. Linakwenda kwenye mashindano. Likirudi tutaona."

Lilirudi na kikombe. Mwili wa mke wangu ulikuwa umeshapoa. Wakubwa wakaleta maua. Maua! Ahsanteni sana.

Basi nikamfundisha Mwali. Farasi mchanga hashindwi na urefu, anashindwa na wasiwasi. Nilimpitisha juu ya mti ukiwa chini, mimi mbele yeye nyuma, mpaka akaona kumbe ni kuni tu. Nikaunyanyua kidogo. Nikiona masikio yamekaza, naushusha, tunaanza upya. Ulipofika gotini nikamwachia kamba, nikavuka, nikasimama ng'ambo. Nikamwita kama mke wangu alivyokuwa akimwita enzi akimnywesha maziwa kwa chupa: "Njoo, mwanangu. Njoo."

Akaruka. Pua yake ikanigonga kifuani, nikageuka pembeni nifute macho.

Kisha shemeji yangu, kaka wa marehemu, dereva wa lile gari la farasi, akawa anampanda. Mimi ng'ambo, Mwali anapaa. Meneja alituangalia kutoka dirishani, kikombe cha chai mkononi, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kushuka bandani ni kuchafua viatu.

Ilibaki hatua moja. Mwalimu husogea mbali kidogo kidogo, mpaka farasi ajifunze kuruka bila kumwona mtu ng'ambo. Hiyo nikaiacha.

"Umemwambia bosi?" shemeji akaniuliza.

"Ameniuliza?"

"Hajakuuliza."

"Basi, shemeji. Mdomo wangu umefungwa kama wa mke wangu."

Siku ikafika. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha, uwanja ni tope tupu. Mwenye mali alisimama nje ya uzio, suruali ameipandisha. Meneja akapanda, buti zinang'aa. Mimi nikaenda kusimama getini, mikono nimeikunja.

Mwali alikuja kwa mbio nzuri, masikio mbele. Akatazama ng'ambo ya mti. Hakuna mtu. Akapiga breki.

Aliyeruka ni Meneja. Aligonga nguzo kwa bega, akatua topeni kifudifudi.

"Mfupa umevunjika! Leteni gari!"

Nikapita kando yake taratibu, nikaenda ng'ambo. "Njoo, mwanangu." Mwali akauruka ule mti na tandiko tupu mgongoni, juu kuliko siku zote.

"We mzee! Nimesema gari!"

Shemeji alikuwa na ufunguo mkononi. Akanitazama mimi, hakumtazama yeye.

Nikachuchumaa ili Meneja anisikie vizuri. "Gari ni la farasi, bosi. Mwali amestuka, lazima aonwe na daktari wa mifugo. Likirudi tutaona."

Alikumbuka. Niliona kabisa usoni kwamba amekumbuka, na hicho ndicho nilichokuwa nikikitaka tangu siku ya maziko.

Akamgeukia mwenye mali. "Mzee wangu, gari lako..."

Mwenye mali akaangalia lile tope, akakumbuka viti vyeupe vya gari lake dogo. "Ngoja nipige simu, nione nani yuko karibu."

Hao ndio wakubwa. Hata wao kwa wao.

Tukampakia Mwali, akapanda bila ubishi. Kwenye kioo cha pembeni nikamwona Meneja amekaa topeni, ameshika bega, na mwenye mali amesimama mbali akilinda viatu. Nyuma yetu Mwali alikuwa akitafuna majani, hata unywele haujamkatika.

"Nikimbize?" shemeji akauliza.

"Ukimbilie wapi? Polepole, shemeji. Tumebeba farasi."