Pijo Inayosimama Kabla ya Isinya

Jumanne saa tatu asubuhi, katika gereji yake nyuma ya soko la Kitengela, Dalmas Nalianya alikaza nati ya mwisho kwenye gurudumu la mbele la Pijo 404 ya mwaka 1967, akaishusha kutoka kwenye jeki. Kazi ilikuwa imemla wiki mbili. Breki za zamani za dramu zilivuta gari upande wa kushoto, na mwenyewe, Mzee Muhumed, mfanyabiashara wa mbuzi, alikuwa amechoka kuingia mtaroni. Alitaka breki za diski kama za magari ya siku hizi.

Gari la siku hizi lilikuwa pale pale uani. Bwana Kiema, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa amenunua jipya, na lile kuukuu la Kijapani akamwachia Dalmas alikate vipuri. Dalmas alitoa habu za magurudumu, diski na kalipa za kuzibana. Pijo haikuzipokea hivi hivi. Beringi zilikuwa na tundu pana kuliko ekseli yake, na kalipa hazikuwa na mahali pa kushikilia. Fundi wa kuchonga vyuma alimtengenezea bushi mbili za kujaza pengo na vipande viwili vya chuma kinene vya kubebea kalipa. Mara mbili vilirudishwa kuchongwa upya. Mwishowe vilikaa.

Dalmas alitungua ufunguo msumarini, akaufungua kutoka kwenye kikuku cha shanga alichozoea kufungia funguo za wateja, akampa Muhumed. Kikuku akakirudisha msumarini.

Alhamisi, Muhumed alirudi.

"Fundi, breki ziko sawa kabisa, wallahi. Shida ni moja. Ziko na mahali yao."

"Mahali gani?"

"Kabla ya Isinya. Zinajishika zenyewe. Twende uone."

Walikwenda. Mbele kidogo ya mashamba ya maua, wakiwa kwenye mwendo mzuri tu, kanyagio la breki lilishuka lenyewe bila pupa, na Pijo ikasimama. Haikuvuta kushoto hata kidogo. Dalmas alifurahi.

Msichana wa miaka minane hivi akavuka barabara na mbuzi saba. Alikuwa amekufa miaka miwili iliyopita. Lori la mchanga lililokuja kutoka upande wa Kajiado lilimpitia katikati, naye akaendelea kuvuka akiwapigia mbuzi mluzi.

"Wale wawili wa mbele wamenona," Muhumed alisema. "Lakini wa hivyo huwezi kununua."

Dalmas hakuwa akiwatazama mbuzi. Mkono wa kulia wa msichana ulikuwa na kikuku cha shanga nyekundu na nyeupe, na moja ya buluu katikati. Mkono wa kushoto ulikuwa mtupu. Pacha wa kile cha kulia ulikuwa msumarini gerejini kwa Dalmas.

Mwanamke mmoja alikuja kutoka kando ya barabara na kibuyu, akamwaga maziwa kidogo kwenye tairi la mbele kulibariki.

"Takwenya, yeiyo," Muhumed alimwamkia mama huyo kwa Kimaasai.

"Iko," akajibu. Aliitwa Namunyak. "Huyo ni mtoto yangu." Jina la mtoto hakulitaja, kwa sababu kwao jina la marehemu halitajwi. "Magari yote inapita tu. Hii peke yake ndio inasimama. Sasa mimi nataka kujua ile haikusimama ilikuwa ya nani. Polisi waliandika haijulikani."

Dalmas alitazama viatu vyake. Miaka miwili nyuma Kiema alimletea lile gari la Kijapani likiwa limebonyea mbele. Nimegonga punda, alisema. Kwenye barabara ile fundi haulizi zaidi. Anayegonga mnyama hukimbia kabla wachungaji hawajamzunguka, na fundi hunyoosha bati. Nyuma ya bampa Dalmas alikuta kikuku. Alijiambia ni cha punda. Kisha akajaribu kukivaa, vikaingia vidole vitatu tu. Akakitundika msumarini.

Sasa aliyasema yote, pale pale kando ya lami, pamoja na jina la Kiema.

Namunyak aliweka kibuyu chini. "Ulikuwa unafungia nayo funguo," alisema.

"Ndio, yeiyo."

"Miaka miwili."

"Ndio."

Siku hiyo hiyo walipeleka kikuku kituo cha polisi. Afisa hakushangaa kusikia habari za mtoto anayevuka. Alikuwa amewahi kupita pale mwenyewe.

"Gari la Kiema liko wapi?" aliuliza.

"Nimelikata vipuri," Dalmas alisema.

"Basi umekata ushahidi, fundi."

Akatia kikuku kwenye bahasha, na bahasha kwenye droo.

Siku hizi Muhumed huondoka nyumbani dakika kumi mapema. Pijo husimama, mtoto huvuka, Namunyak humwaga maziwa, na walio nyuma hupiga honi na kupita. Mkono wa kushoto wa mtoto bado ni mtupu.

Mwezi uliofuata, Kiema alifika gerejini na gari lake jipya. Lilikuwa limebonyea mbele.

"Fundi wangu! Punda tena. Nitalipata kabla ya lunch?"

Dalmas alipiga magoti, akapitisha mkono nyuma ya bampa. Ulitoka na kifungo cha sweta ya shule, uzi wa kijani ukiwa bado umekishika. Safari hii hakuwa na la kujidanganya.

"Hii siwezi," alisema.

Kiema hakukasirika. Alirudisha gari kinyumenyume, akazunguka ua wa mabati, akaingia kwa fundi jirani.

"Imegonga nini?" sauti iliuliza kule.

"Punda."

Dalmas alipiga simu kituoni, kifungo kikiwa kiganjani. Walimwambia safari hii asilikate hilo gari, wangekuja kuliona Jumatatu. Ng'ambo ya mabati, nyundo ilikuwa imeshaanza.