Rada Iliyokuwa Imelala

Ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na tisa Machi. Asubuhi hiyo mvua ya rasharasha ilinyesha kwa ukaidi. Haikutaka kuwa kubwa, wala haikutaka kukoma.

Fundi wa mitandao alikunywa chai akiwa amesimama, jikoni kwa dada yake. Saa nne kamati yao ya viwango vya Wai-Fai ingefika mbele ya mdhibiti wa masafa ya redio. Ombi lao lote liliegemea vipimo vyake: kwamba mawimbi ya rada ya mvua hayafiki mjini, kwa hiyo vifaa vya intaneti vya majumbani visilazimishwe kuyapisha.

Mume wa dada yake, fundi wa rada hiyo hiyo, aliingia akinuka grisi.

"Shemeji, umependeza! Unaenda kuposwa na serikali?"

"Nawa mikono kwanza, ndipo unitanie."

"Haitoki hii, ni ya jana. Kila Jumanne tunamzima bibi kizee wetu kutwa nzima, tunampaka mafuta magoti."

Kikombe kiliishia njiani. Jumanne ndiyo siku ambayo yeye mwenyewe haendi kazini. Vipimo vyote vitatu alivichukua Jumanne. Ni kama alikuwa ametega sikio mlangoni kwa mtu aliyelala, kisha akaandika kwamba nyumba haina mtu.

Kwenye korido ya mdhibiti alimweleza mwenyekiti wa kamati. Mzee yule alivua miwani.

"Binti yangu, miaka miwili ya vikao! Wanachama wamepiga kura. Waraka haubadilishwi hata nukta bila kura nyingine."

"Vifaa vyetu vikiipigia rada kelele, haitaiona mvua. Watu wa bondeni nani atawaonya?"

"Funika kombe mwanaharamu apite. Tutarekebisha mbele ya safari."

"Na mafuriko yakipita kwanza, mzee?"

Mwenyekiti alitazama dirisha lililotiririka maji.

Ndani, wenzake kumi na mmoja walikaa nyuma yake. Wengine walimtabasamia, walikuwa wamemwamini. Akaomba kimoyomoyo: Mungu wangu, nipe ulimi kabla sijapoteza roho.

"Nani alipima?" mdhibiti aliuliza, akifungua waraka.

"Mimi." Alisimama. "Waraka ni wa kamati, siwezi kuugusa. Lakini vipimo ni vyangu, na vina kasoro. Siku zote tatu rada ilikuwa imezimwa. Sikuuliza."

Nyuma yake kiti kililia. Mtu akasema, "Ametumaliza." Mwenyekiti aliinamisha kichwa, lakini hakumkatiza.

"Kwa hiyo unataka nini?" mdhibiti aliuliza.

Aligeuka ili wenzake nao wamwone uso.

"Naahidi mbele yenu nyote: nitapima upya, rada ikiwa imewashwa na fundi wake akiwa kando yangu. Nitakachokikuta ndicho nitakachokileta hapa, hata kama kitalizika ombi letu."